Pinboli za Relei: Bei ya Kwanza, Mvuto na Ubovu Wake

SWALI: Ndugu mhariri, nimepata pinboli (mashine ya sarafu ya kuchezea mpira wa chuma) ya Marekani ya miaka ya 1960, zile za relei (swichi zinazosukumwa na sumaku ya umeme) na mota zisizo na kompyuta. Ilipokuwa mpya iliuzwa kiasi gani? Bei hiyo inaweza kunionyesha thamani yake leo?

JIBU: Si sana. Viwanda vya Chicago kama Gottlieb, Williams na Bally viliwauzia wasambazaji, nao wakawauzia waendeshaji waliozipeleka kwenye baa na kumbi. Mashine kuukuu ilipokelewa kama sehemu ya malipo, kwa hiyo wanunuzi wawili wa mashine ileile hawakulipa sawa. Baffle Ball ya Gottlieb ya mwaka 1931, isiyo na umeme kabisa, iliuzwa dola 17.50. Kufikia miaka ya 1960 mashine mpya ilikuwa dola mia kadhaa.

Piga hesabu ya mwendeshaji. Mashine ya dola 500 inatoza senti 10 kwa mchezo, na sarafu anagawana na mwenye baa nusu kwa nusu. Anahitaji michezo 10,000 kabla ya kurudisha fedha yake, matengenezo hayamo. Ndiyo maana mbao nyingi za kuchezea zimelika rangi karibu na bampa (vizuizi vinavyorusha mpira) na mahali mpira unapopita kwenda kwenye flipa (vijimkono vya kuurudisha mpira juu): zilifanyishwa kazi kweli.

Kwa hiyo unaponunua, tazama ubao huo na kioo cha nyuma chenye picha. Rangi ya kioo imechapwa upande wa ndani, na ikianza kubanduka hairudi. Mashine iliyozima yenye kioo kizima ni bora kuliko inayocheza yenye kioo kilichomenyeka. Relei hutengenezeka, picha hapana.

SWALI: Pinboli hizi za zamani zina mvuto gani hasa, wakati za sasa zina skrini na muziki?

JIBU: Alama zinapatikana kwa mwendo unaousikia. Ukigonga shabaha ya pointi 50, mota ya alama inazunguka kipande cha duara, inafunga swichi mara tano, gurudumu la tarakimu za makumi linasogea hatua tano na kengele inalia mara tano. Sauti hiyo ndiyo mashine ikihesabu.

Tena hazisamehi. Flipa zilianza na Humpty Dumpty ya Gottlieb mwaka 1947, na hadi karibu na mwisho wa miaka ya 1960 zilikuwa za inchi 2 tu, kisha zikaja za inchi 3. Zile fupi zinaacha pengo pana katikati, na mchezaji asiyejua kuisukuma mashine kidogo kwa kiganja hamalizi dakika tatu. (Akizidisha, mashine inajizima, na ni haki yake.)

SWALI: Flipa ya kushoto ni dhaifu. Pia nikianzisha mchezo, mota inazunguka bila kukoma. Nibadilishe koili?

JIBU: Usinunue kitu bado. Chomoa waya ukutani kwanza. Ndani kuna umeme wa nyumba mahali pa wazi.

Koili ya flipa, yaani msokoto wa waya unaogeuka sumaku umeme ukipita, ina nyaya mbili: mnene wa kurusha na mwembamba wa kushikilia. Swichi ndogo ya mwisho wa mwendo huwa imefunga ili umeme uruke ule mwembamba. Flipa ikifika juu, swichi inaachana. Ncha zake zikichafuka, umeme unalazimika kupita waya mwembamba na flipa inakosa nguvu. Isipoachana, koili inapata moto, inanuka, na mwishowe inaungua au fyuzi inakatika. Usiweke fyuzi kubwa zaidi. Safisha ncha hizo kwa tupa ndogo, kisha pinda jani la swichi (ukanda wake wa chuma) liachane milimita 2 au 3 flipa ikiwa juu. Kagua pia swichi ya kitufe ubavuni.

Ama mota: mwanzoni mwa mchezo inatuma mapigo ya umeme hadi kila gurudumu la alama lifike sifuri na kufungua swichi yake. Gurudumu likikwama kwenye 4, mfano, tatizo liko kwenye grisi iliyoganda au koili yake. Yote yakisoma sifuri na mota bado inazunguka, kuna swichi ya sifuri iliyopinda. Ncha za relei ni laini, usizipige msasa: pitisha kipande cha kadi ngumu kilicholowa spiriti. Wala usinyunyizie mafuta. Yanashika vumbi, na baadhi yake hushika moto kwa cheche za swichi. Mrija wa plastiki ndani ya koili unafanya kazi ukiwa mkavu, nao ukilika unabadilishwa.

SWALI: Naweza kuichomeka kwenye volti 230?

JIBU: Soma kwanza kibandiko cha transfoma. Ikiandikwa volti 115 au 120, weka transfoma ya kushusha umeme. Palipo na umeme wa Hz 50 (mizunguko 50 kwa sekunde) badala ya 60, mota itazunguka polepole kwa takriban moja ya sita, na mchezo hauharibiki.