Mrututu umegeuka mweupe, bluu imeenda wapi?

SWALI: Habari za kazi mhariri, mi kuna kitu kinanisumbua tangu tufanye praktiko. Tulichukua mrututu, ile salfeti ya shaba ya bluu, tukaupasha moto ukatoa mvuke ukabaki unga mweupe, mwalimu akasema rangi imetoka na maji. Sasa maji yenyewe hayana rangi, hiyo bluu imetokaje nayo? Halafu nikadondoshea maji bluu ikarudi na testityubu ikawa ya moto mpaka nikashtuka, na moto tulishazima kitambo. Naomba mnieleweshe.

JIBU: Mwalimu wako hajakosea sana ila karuka hatua. Bluu ile si ya maji, na wala si ya shaba peke yake, inategemea shaba imeshikana na nani.

Kwenye fuwele ya bluu kila ayoni ya shaba (atomu ya shaba iliyopoteza elektroni) imezungukwa na molekuli 4 za maji. Oksijeni ya maji ina jozi za elektroni zimekaa tu hazina kazi, basi inaleta jozi moja na shaba haileti kitu, bondi, yaani kifungo kati yao, inajengwa na mali ya upande mmoja. Molekuli ya 5 ya maji haiigusi shaba kabisa, imeshikiliwa pembeni na bondi za haidrojeni (mvuto dhaifu wa haidrojeni kwa oksijeni ya jirani) (wengi wanachora zote 5 zimeizunguka shaba, siyo). Na maji hayatoki kwa mkupuo, ya mwisho yanang'ang'ania mpaka karibu nyuzi 200 za Selsiasi.

Sasa rangi. Ayoni ya shaba ina elektroni 9 sehemu inayobeba 10, kwahiyo kuna nafasi moja wazi. Maji yakiizunguka ngazi za nishati humo ndani zinaachana, elektroni inameza mwanga wa upande wa nyekundu inaruka juu, kinachokufikia machoni ni bluu. Fukuza maji, shaba inabaki na oksijeni za salfeti tu, hizo haziachanishi ngazi sana, mwanga unaomezwa unahamia infraredi ambako jicho halioni kitu, ndo unaona weupe.

Kama huamini mpe shaba rafiki mwingine. Weka amonia kidogo kwenye maji ya mrututu, utapata mashapo (unga unaotuama) ya bluu mpauko, wengi hapa wanadhani wamekosea wanamwaga! Endelea kuongeza, mashapo yanayeyuka inakuja bluu iliyokolea balaa, sababu amonia imeyang'oa maji ikakaa yenyewe. Ukitumia asidi ya haidrokloriki kali inaenda kijani mpaka njano, safari hii ni ayoni za kloridi zimeshika.

Lile joto nalo ni hivi, kuvunja bondi kunakula nishati na kuziunda kunatoa. Moto wako ulikopesha nishati ya kuwafukuza maji, uliporudisha matone bondi zikajengwa upya ukalipwa deni lako palepale.

Ukirudia, pima kwanza. Gramu 10 za bluu zinatakiwa zibaki kama 6.4 hivi, zikizidi ujue maji bado yamo. Na usikazane na moto kupita kiasi, utapata unga mweusi na moshi unaokaba koo, huo mweusi ni oksaidi ya shaba, hata uumwagie ndoo nzima haurudi bluu.