Jibu: Seva yenye kadi mbili za mtandao haijibu tawi la Mbagala

Mkuu, umesema seva ya Linux pale Kariakoo ina kadi eth0 ya intaneti na kadi eth1 ya mtandao wa ndani, kompyuta za jirani zinaipata, ila tawi la Mbagala (10.20.0.0/16) likipiga ping (pakiti ya kujaribu kama mashine inajibu) ni kimya. Kebo iache, haina kosa.

Andika `ip route`, amri ya kuonyesha njia za pakiti. Nina hakika utaona mistari miwili ya `default` (njia ya pakiti zisizo na njia yao maalumu), moja kwa kila kadi. Hapo Linux huchagua yenye metriki (namba ya kipaumbele) ndogo, nayo kwako ni ya eth0, kwa hiyo swali la ping linaingia kwa eth1, jibu linataka kutokea eth0. Kama rp_filter (ukaguzi wa kama jibu lingetokea kadi ile ile swali lilikoingilia) ni 1, kerneli, yaani kiini cha Linux, haihangaiki hata kujibu: inatupa pakiti mlangoni. Hakikisha kwa `ip route get 10.20.0.5`, ikitaja eth0, ndiyo hiyo.

Anza kuongeza njia ya tawi, ukiweka anwani ya ruta yako ya ndani:

`ip route add 10.20.0.0/16 via 192.168.1.1 dev eth1`

Kisha ndipo ufute default ya eth1. Kama umeingia kwa SSH (kuingia kwenye seva kwa mbali), kuwa makini: kosa moja la njia laweza kukufungia nje. Mimi yalinikuta, nilipanda daladala usiku kutoka Mbezi hadi Posta kwenda kuandika mstari mmoja.

Amri hizi hazidumu. Umeme ukikatika, mashine ikiwaka upya zimeshafutika, hivyo ziandike kwenye Netplan, mafaili ya mipangilio ya mtandao, kama ni Ubuntu. Hiyo ip_forward (ruhusa ya kupitisha pakiti za mashine nyingine) uliyosema umeiwasha haihusiki, seva yako haipitishi pakiti za wengine.

Ikigoma, leta matokeo ya `tcpdump -ni eth1 icmp`, amri ya kuona pakiti za ping zinazopita eth1.