Maswali ya Wasomaji: Mzee wa Getini na Salamu ya "Jai Bhim"

SWALI: Mhariri, mimi ni Mtanzania ninayesoma chuo hapa Pune, India. Mlinzi wa hosteli yetu ni mzee mmoja mpole. Kila asubuhi wafagizi wanapopita getini humwambia "Jai Bhim", naye huinua mkono na kujibu vilevile. Nilidhani ndiyo "habari za asubuhi" ya Kimarathi, na siku moja nikamsalimia hivyo mbele ya wanafunzi wenzangu wawili. Mzee alifurahi hata akasimama kutoka kitini. Wenzangu walitazamana, kisha mmoja akaniambia kwa sauti ya chini kwamba hiyo si salamu ya kila mtu, na hakutaka kuendelea. Je, ni salamu ya dini, ya chama au ya kabila? Nilikosea? – M.S., Pune

JIBU: Hukukosea, ndugu M.S., ila ulitamka neno zito kuliko ulivyodhani. "Jai" maana yake ni ushindi, na "Bhim" ni ufupisho wa Bhimrao, yaani Bhimrao Ramji Ambedkar, mwanasheria aliyezaliwa tarehe 14 Aprili 1891 katika ukoo wa Wamahar, ambao kwa mila ya matabaka ya Kihindu walihesabiwa miongoni mwa watu wasioguswa. Wafuasi wake humwita Babasaheb, na hapo Mswahili hahitaji mkalimani, kwa kuwa "baba" ni baba na "saheb" ni yuleyule sahibu wetu aliyetoka katika Kiarabu. Huyu ndiye aliyeongoza kamati ya kuandika rasimu ya katiba ya India, ambayo ibara yake ya 17 ilipiga marufuku desturi ya kutogusana. Salamu uliyoisikia, basi, ni ya wale wanaojiita leo Wadalit, neno lenye maana ya watu waliopondwa, na hasa wale wanaofuata njia ya Ambedkar.

Ili uelewe kwa nini mzee alisimama, inafaa ujue walivyosalimia babu zake. Katika vijiji vya Maharashtra, jimbo ulimo mji wa Pune, Mmahar alikuwa mtumishi wa kijiji kizima: alipeleka ujumbe, alilinda mipaka, aliburuta mizoga ya ng'ombe nje ya makazi. Alipokutana na mtu wa tabaka la juu alitakiwa kusema "Johar, maibap", na "maibap" ni "mama na baba" kwa pamoja, kana kwamba mbele yake amesimama mzazi ambaye yeye hana haki ya kumwangalia usoni. Salamu hiyo ni ya kale mno, kwani Chokhamela, mshairi mtakatifu wa Kimahar wa karne ya 14, aliitumia hata kumsalimia Mungu. Na katika mji huohuo unaosoma wewe, Ambedkar aliandika mwaka 1936, enzi za Wapeshwa, watawala wa zamani wa Pune, mtu asiyeguswa alilazimika kujifunga ufagio kiunoni ili afute nyayo zake mwenyewe, na kuning'iniza chungu shingoni ili mate yake yasidondoke ardhini.

Sisi wa pwani na bara tusijione mbali sana na habari hii. Wengi wetu tumefundishwa kwamba "shikamoo" imetokana na "nashika miguu yako", na jibu lake, "marahaba", halirudishi mguu wa mtu yeyote. Leo tunaitoa kwa mapenzi kwa wazee wetu, na mimi sina ugomvi nayo. Lakini muundo wake ni wa ngazi, mmoja chini na mwingine juu, na kila mmoja ana neno lake ambalo mwenzake hawezi kulitumia. "Johar" ilikuwa ya namna hiyo, isipokuwa ngazi yake haikuwa ya umri. Mtoto wa tabaka la juu aliipokea kutoka kwa mzee wa Kimahar mwenye mvi.

Aliyeleta salamu mpya hakuwa Ambedkar mwenyewe. Anayetajwa na wanahistoria wa harakati ni Babu Hardas, kwa jina kamili Hardas Laxmanrao Nagarale, aliyezaliwa mwaka 1904 huko Kamthi, mji wa kambi ya jeshi karibu na Nagpur. Alikuwa mtu wa wafanyakazi: aliwapanga katika umoja wasokotaji wa bidi, zile sigara ndogo zinazofungwa kwa jani, ambao walilipwa kwa idadi ya vipande na kunyonywa na wenye viwanda. Mwaka 1937 alichaguliwa kuingia katika baraza la kutunga sheria la jimbo la Central Provinces na Berar kwa tiketi ya chama cha wafanyakazi ambacho Ambedkar alikuwa amekiasisi mwaka uliotangulia. Alifariki Januari 1939, akiwa na umri wa miaka 35 tu, kwa hiyo hakuuona uhuru wala katiba.

Inasimuliwa kwamba Hardas alivutiwa na Waislamu wa mjini kwake. Aliona kwamba tajiri na mchukuzi wakikutana, mmoja husema "salaam alaikum" na mwingine "wa alaikum salaam", na katika maneno hayo hakuna anayejishusha. Watu wake walikuwa bado na "Johar", au wakiazima "Ram Ram" ya Wahindu, yenye jina la mungu wao Rama, ambayo nayo ilianza kuwakwama kooni, maana Oktoba 1935 huko Yeola Ambedkar alikuwa ametangaza kwamba amezaliwa Mhindu lakini hatakufa Mhindu. Katika miaka hiyohiyo Hardas akaanza kuwaambia vijana wake waseme "Jai Bhim", na anayesalimiwa ajibu "Bal Bhim", yaani "nguvu kwa Bhim".

Jibu hilo la pili halikudumu. Watu waliliacha wenyewe, wakawa wanarudisha neno lilelile walilopewa, "Jai Bhim" kwa "Jai Bhim", na hivyo ndivyo wafagizi wa hosteli yenu wanavyofanya hadi leo. Kwangu mimi hapo ndipo penye uzito wa salamu hii, kuliko hata katika jina lililomo ndani yake: anayeanza na anayejibu wana neno moja. Wakili husalimiana hivyo na mzibua mitaro, na huwezi kujua kwa kusikiliza tu ni nani kati yao mwenye gari nje.

Liko jambo la kukuna kichwa, nalo lisifichwe. Ambedkar hakupenda watu kuabudiwa. Tarehe 25 Novemba 1949, akihutubia bunge la katiba, alionya kwamba ibada ya kiongozi katika siasa ni njia ya uhakika ya kuelekea udhalilishaji na hatimaye udikteta. Na bado jina lake ndilo lililogeuka kuwa pumzi ya kila siku ya mamilioni. Wafuasi wake hujibu kwamba hawamwombi chochote, wanajikumbusha tu walikotoka. Jibu hilo linatosha kwa wengi wao, ingawa si kwa wote.

Utakutana pia na watu hapo Pune watakaokuambia kwamba salamu hii inatokana na mto Bhima, penye mnara wa Koregaon, mahali ambapo tarehe 1 Januari 1818 askari wa Kimahar katika jeshi la kampuni ya Waingereza walipambana na jeshi la Peshwa. Ni kweli kwamba kila mwaka mpya umati wa Wadalit hukusanyika hapo na "Jai Bhim" husikika mchana kutwa, na ni kweli kwamba Ambedkar alizuru mnara huo mwaka 1927. Lakini Bhim wa salamu ni mtu, si mto.

Sasa kuhusu wenzako waliotazamana. Anayesema "Jai Bhim" kwa kawaida hujitambulisha kwa tabaka lake au kwa msimamo wake, na katika miji ambamo wengine huficha hata jina la ukoo ili wapate chumba cha kupanga, huko ni kujianika. Chuoni kuna ugomvi wa ziada, kwa sababu asilimia 15 ya nafasi katika taasisi za serikali kuu hutengwa kwa matabaka yaliyokuwa yakihesabiwa kuwa ya wasioguswa, na wapo wasiofurahia. Nje ya chuo mambo huweza kuwa mabaya zaidi: Mei 2015 huko Shirdi, katika jimbo hilohilo la Maharashtra, kijana wa Kidalit aliuawa baada ya ugomvi ulioanzia kwenye mlio wa simu yake, ambao ulikuwa wimbo wa kumsifu Ambedkar. Kwa hiyo mwenzako aliyenong'ona huenda alikuwa anachukia salamu ile, na huenda vilevile ni yake na hataki ijulikane. Usimbane. Mzee wa getini endelea kumsalimia, na ukitanguliwa, rudisha neno lilelile.

SWALI: Hapa Mombasa majirani zetu wenye asili ya Gujarat husalimiana "Jai Shri Krishna". Je, ni salamu moja na "Jai Hind" na hiyo "Jai Bhim" iliyogusiwa na mwenzetu? – Msomaji, Mombasa

JIBU: Neno "jai" ni moja, wanaotakiwa ushindi ni mbalimbali. "Jai Shri Krishna" ni ya ibada, "Jai Hind" ni ya taifa. "Jai Bhim" ilianza kama ya harakati, na baada ya tarehe 14 Oktoba 1956, Ambedkar alipoingia Ubudha huko Nagpur pamoja na laki kadhaa za wafuasi wake, ikapata pia harufu ya dini, ndiyo maana wengi huongeza "Namo Buddhay", yaani "heshima kwa Buddha". Siku ile walikula viapo 22, na cha pili kinasema hawatakuwa na imani kwa Rama wala Krishna, wala hawatawaabudu. Mzee wa Pune, basi, ukimwambia "Jai Shri Krishna", huenda akakujibu kwa adabu tu, ila hatasimama kitini.