Lang'ata na Kibra: Majibu kwa Barua Zenu Kuhusu Mipaka na Kura

Barua nyingi za safari hii zinahusu maeneobunge mawili ya jijini Nairobi ambayo hadi juzi juzi yalikuwa kitu kimoja. Tumezijumuisha pale zilipouliza jambo lile lile.

Wazazi wangu walimchagua Raila Odinga kuwa mbunge wa Lang'ata tukiishi Laini Saba. Hatujahama, lakini sasa tunaambiwa sisi ni wa Kibra. Tangu lini?
*Msomaji, Laini Saba*

Tangu Machi 2012. Katiba ya 2010 iliongeza maeneobunge nchini kutoka 210 hadi 290, na Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka (IEBC) ikachapisha mipaka mipya tarehe 6 Machi 2012. Nairobi ilipanda kutoka viti 8 hadi 17. Embakasi peke yake ilipasuliwa vipande vitano. Lang'ata ilikatwa vipande viwili.

Kibra ilipata wadi tano: Laini Saba, Lindi, Makina, Sarang'ombe na Woodley/Kenyatta Golf Course. Lang'ata ikabaki na Karen, Mugumo-ini, South C, Nairobi West na Nyayo Highrise. Ukubwa wake haulingani hata kidogo. Katika sensa ya 2019 kaunti ndogo ya Kibra ilikuwa na kilomita mraba 12.1, na Lang'ata karibu 217, sehemu kubwa ikiwa ni Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi ambako wapigakura ni adimu kuliko twiga. Kwa hivyo ramani isikudanganye: hesabu watu, usihesabu ardhi.

Kura za kwanza kwa mipaka hii zilipigwa 4 Machi 2013.

ODM, chama cha Raila, ilipotezaje Lang'ata mwaka 2017, ilhali ilikuwa ngome yake miaka yote?
*Wasomaji watatu, Nairobi West na Karen*

Hapa ndipo wachambuzi wengi huteleza. Huchukua matokeo ya Lang'ata ya 2007, wakayaweka kando ya yale ya 2017, kisha wakasema wapigakura wamebadili nia. Lang'ata ya 2007 ilikuwa na vijiji vya Kibera ndani yake, ambavyo sasa viko Kibra. Ya 2017 haikuwa navyo. Jina ni lile lile, wapigakura ni wengine.

Tazama mfululizo wenyewe. Philip Leakey, mdogo wake Richard Leakey, mtafiti wa mabaki ya kale, alishinda kiti hicho mwaka 1979 na kukishikilia enzi za chama kimoja, ukiwemo uchaguzi wa mlolongo wa 1988, wapigakura walipopanga foleni badala ya kupiga kura ya siri. Mfumo wa vyama vingi uliporudi mwaka 1992, Raila alikitwaa kwa tiketi ya FORD-Kenya. Alipohamia NDP ilimbidi kurudi kwa wapigakura, maana sheria ilimtaka mbunge anayehama chama kuachia kiti. Akashinda uchaguzi mdogo wa 1997, na uchaguzi mkuu wa Desemba mwaka huo huo. Mwaka 2002 alishinda kwa NARC, na 2007 kwa ODM. Vyama vinne, mtu mmoja: hiyo ilikuwa ngome ya Raila kabla ya kuwa ya chama chochote.

Kinyang'anyiro cha 2007 dhidi ya Stanley Livondo wa PNU kilikuwa na uzito wa ziada ambao vijana huenda hawaujui. Katiba ya zamani ilitaka rais awe pia mbunge wa kuchaguliwa. Mgombea urais aliyeangushwa katika eneobunge lake alikuwa amepoteza na Ikulu. Katiba ya 2010 iliondoa sharti hilo, ndiyo maana jina la Raila halikuwa kwenye karatasi ya ubunge mwaka 2013.

Baada ya mgawanyo, Kibra ilikwenda na ODM moja kwa moja: Ken Okoth 2013 na 2017, kisha Peter Orero 2022. Lang'ata ikawa kiti cha kugombewa kwelikweli: Joash Olum wa ODM 2013, Nixon Korir wa Jubilee 2017, na Phelix Odiwuor, yaani Jalang'o, akakirudisha ODM 2022.

Mimi hukaa South C, rafiki yangu South B, ni mwendo wa miguu. Mbona hatuna mbunge mmoja? Na nikihamia Makina, kura yangu inanifuata?
*Msomaji, South C*

South C ni wadi ya Lang'ata. South B iko Starehe. Ujirani hautoshi.

Kura haikufuati yenyewe. Unapiga pale jina lako liliposajiliwa, hata kama umehama miaka kumi iliyopita. Kuhamisha usajili kwenda eneobunge lingine, lazima uijulishe IEBC si chini ya siku 90 kabla ya uchaguzi. Wengi hungoja kampeni zipambe moto, wakakuta muda umepita. Tena usitegemee jina la lokesheni ya chifu: mipaka ya utawala na ya uchaguzi haifuatani kila mahali. Angalia wadi iliyoandikwa kwenye sajili.

Mwanasoka wa zamani McDonald Mariga alisajiliwa Starehe, vipi akagombea Kibra kwa tiketi ya Jubilee mwaka 2019?
*Msomaji, Lindi*

Katiba inamtaka mgombea ubunge awe mpigakura aliyesajiliwa. Haisemi awe amesajiliwa katika eneobunge analogombea. Ken Okoth alipofariki Julai 2019, usajili ulifungwa Kibra, kama sheria inavyotaka kiti kikitangazwa kuwa wazi. Mariga alisajiliwa Agosti kule Starehe. Msimamizi wa uchaguzi alimkataa kwa kuwa jina lake halikuonekana kwenye sajili. Kamati ya IEBC ya kutatua mizozo ikamruhusu. Katika uchaguzi mdogo wa tarehe 7 Novemba alipata kura 11,230, akabwagwa na Imran Okoth wa ODM, nduguye marehemu, aliyepata 24,636.

Je, Kibra inaweza kurudishwa Lang'ata?
*Msomaji, Woodley*

Kwa hesabu ya idadi ya watu, hakuna linaloilazimisha. Gawanya watu 47,564,296 wa sensa ya 2019 kwa 290, unapata wastani wa 164,015. Majiji yanaruhusiwa kuzidi au kupungua kwa asilimia 40, yaani kati ya takriban 98,400 na 229,600. Kaunti ndogo ya Kibra ilikuwa na watu 185,777, Lang'ata 197,489. Zote ziko ndani.

Mipaka hupitiwa kila baada ya miaka 8 hadi 12. Muda huo uliisha Machi 2024 bila kazi kufanyika, maana tume ilikaa bila makamishna kuanzia mwanzoni mwa 2023 hadi Julai 2025. Mipaka mipya ikichapishwa katika Gazeti la Serikali nawe huridhiki nayo, una siku 30 za kwenda Mahakama Kuu, nayo ina miezi mitatu ya kuamua.