Miguu ya mama wa Kibuye

Wadogo zangu mnaoanza kliniki ya presha hapa Kisumu, amlodipini mtaiandika kila siku, kwa hiyo ijueni vizuri. Mimi ilinifunza mama mmoja muuza samaki wa soko la Kibuye. Kwa miligramu 10 presha yake ilishuka vizuri, lakini miguu ilivimba hata ndara zikakataa kuingia. Nikampa furosemaidi, dawa ya kukojoza maji. Wiki mbili baadaye miguu ilikuwa vilevile, na sasa alikuwa na kazi nyingine ya kutafuta choo sokoni mchana kutwa.

Nilidhani maji yamejaa mwilini. Kumbe yalikuwa yamehama tu. Msuli wa ukuta wa ateri hukaza kalsiamu inapoingia ndani ya seli zake. Amlodipini na ndugu zake, vizuizi vya kalsiamu, huziba vijilango vya kuingilia, mshipa unalegea, presha inashuka. Lakini amlodipini hulegeza zaidi ateri ndogo kuliko vena, mishipa inayorudisha damu moyoni: damu inaingia kwa wingi, mlango wa kutokea haujapanuka, basi maji yanavujia kwenye nyama za mguu. Tulimshusha hadi miligramu 5, tukaongeza losartani, dawa ya presha ya aina nyingine inayolegeza vena pia, na ndara zikaingia. (Si kila mguu uliovimba ni wa dawa. Sikilizeni mapafu, pimeni figo.)

Anayebanwa kifua akipanda kilima cha Riat hufaidi ulegevu huohuo: moyo hausukumi kwa taabu, na ateri zinazoulisha zinapanuka. Ndugu wawili wa amlodipini, verapamili na diltiazemu, hupunguza pia mapigo ya moyo. Ndiyo maana mkiona atenololi, ambayo nayo hupunguza mapigo, kwenye karatasi ya mgonjwa, msimwongezee hizo. Mapigo yanaweza kushuka hadi azimie. Mwenye moyo uliochoka kusukuma damu msimpe hizo mbili kabisa.

Mkimkuta mkongwe wa kazi akiweka nifedipini ya haraka, ndugu mwingine wa amlodipini, chini ya ulimi wa mgonjwa, mkatalieni kwa adabu. Presha ikiporomoka ghafla, ubongo unakosa damu.

Na msiahidi matokeo ya kesho. Amlodipini huchukua kama wiki moja kufikia nguvu yake, ila wengi wataacha siku ya tatu wakisema haifanyi kazi.

Yule mama aliniuliza kama aache omena, maana ina kalsiamu. Nikamwambia kalsiamu ya chakula haina ugomvi na dawa hii. Ale, auze, chumvi tu ndiyo apunguze.