Taa ya eabegi imeganda, honi nayo inasumbua

SWALI: Shikamoo fundi. Gari langu ni dogo, la Kijapani, nimelinunua likiwa limetumika. Taa nyekundu ya eabegi (ule mfuko wa hewa wa kumkinga mtu kwenye ajali) kwenye dashibodi haizimiki, na honi siku hizi inalia ikijisikia. Fundi wa mtaani anataka kuing'oa hiyo taa. Mume wangu anasema gari lenye eabegi halihitaji mkanda. Nishike lipi? – Mama wa mtoto mmoja, Pasua, Moshi

JIBU: Marahaba, binti yangu. Taa isiguswe. Ukiwasha gari inatakiwa iwake sekunde chache, kisha izimike yenyewe. Ikiganda, ujue mfumo umeona hitilafu, na siku ya ajali mfuko unaweza usifumuke. Atakayekung'olea taa anamdanganya hata yule atakayelinunua gari baada yako, tena juu ya uhai wake. Kazi hiyo kwangu hapa Arusha huletwa mara kwa mara na sijawahi kuipokea.

Umefanya vizuri kutaja honi. Ndani ya usukani kuna utepe mwembamba wa nyaya uliojiviringisha, mafundi tunauita spairo kebo. Ndio unaopeleka umeme wa honi na wa eabegi ya dereva huku usukani ukizunguka. Ukichanika, honi inakatakata na taa inawaka. Mimi ningeanzia hapo, ila gari lisomwe kwanza kwa mashine. Fundi achomoe betri, asubiri dakika kadhaa ndipo afungue usukani. Asithubutu kupima waya za eabegi kwa taa ya kupimia: inaweza kumfyatukia usoni.

Mkwe wangu mwambie hivi: eabegi hufumuka kabla hujapepesa jicho, na imeundwa isaidiane na mkanda. Asiyefunga hutupwa mbele breki zinapokamata, mfuko unamkuta ameshalalia usukani na kumuumiza vibaya. Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1980, yalitoka magari ya mikanda inayojifunga: unawasha gari, mkanda wa bega unateleza kwenye reli juu ya mlango mpaka unakukamata. Wa kiunoni mara nyingi ulibaki wa kufunga kwa mkono, na wengi wakauacha wakidhani wameshafungwa. Kuanzia magari ya modeli ya 1998, eabegi mbili za mbele zikawa lazima huko. Mkanda wa kufunga mwenyewe haukuondolewa.

Kwa hiyo fungeni, hata mkienda Mbuyuni sokoni tu. Mtoto asipakatwe mbele kamwe; akae nyuma, kwenye kiti chake.