Kabla hujakubali kufomati: maswali yenu na majibu

Ukipeleka mashine kwa mafundi wengi wa hapa Goma, utajibiwa neno moja: "Tuifomati," yaani tufute kila kitu ndani na kuanza upya. Intaneti inakataa, tufomati. Flashi ina virusi, tufomati. Maswali ya safari hii mengi yalishapewa jibu hilo kabla ya kunifikia.

Fundi, kompyuta yangu ya mezani kila asubuhi inarudi mwaka 2013. Nikifungua tovuti yoyote inaandika "Votre connexion n'est pas privée" (muunganisho wako si wa faragha). Nimeambiwa nitoe dola 15 ifomatiwe. Nitoe? (Mwanafunzi, Himbi)

Usitoe. Hata ukifomati mara kumi, kesho asubuhi utaamkia 2013 tena, maana ugonjwa hauko kwenye Windows. Fungua kasha la mashine, ukiwa umechomoa waya wa umeme, uangalie kwenye ule ubao mkubwa. Utaona betri bapa, la duara, lililoandikwa CR2032. Ni la volti 3, na kazi yake ni kuifanya saa iendelee kutembea wakati hakuna umeme. Lako limekufa. Mchana huoni tatizo kwa sababu mashine iko kwenye umeme. Usiku moto ukikatika, saa inasahau kila kitu. Betri hilo linauzwa mpaka kwa watengeneza saa. Litoe kwa ukucha, weka jipya, upande wenye alama ya kujumlisha ukitazama juu. Ukiwasha, mashine inaweza kukuomba ubonyeze F1. Bonyeza, kisha weka tarehe sahihi.

Na kwa nini tovuti zinakataa? Kila tovuti salama ina cheti chenye tarehe ya kuanza na tarehe ya kuisha. Kivinjari kinalinganisha tarehe hizo na saa ya mashine yako. Kwa mashine inayoamini tuko 2013, cheti cha leo hakijazaliwa bado, na kivinjari kinadhani kuna tapeli katikati.

Wakati uko hapo kwenye saa, angalia na ukanda wa saa. Ukiweka saa ya Kinshasa utakuwa nyuma kwa saa moja, kwa sababu Kinshasa iko UTC+1 (saa moja mbele ya saa ya kimataifa) na sisi, pamoja na Bukavu na Lubumbashi, tuko UTC+2. Kwenye orodha ya Windows hutaona Goma. Chagua ule ukanda ulioandikwa Harare na Pretoria.

Nimetoka kutoa fotokopi, flashi yangu imejaa vijifaili vya njia ya mkato vya KB 1. TFC yangu (kazi ya kumaliza masomo) imepotea, na naitetea wiki ijayo! (Dada mwenye haraka, Katindo)

Dada yangu, pumua. TFC iko palepale, virusi vimeificha tu na kuweka njia za mkato zenye majina yaleyale. Usizibofye hata moja, maana ukibofya unaviingiza kwenye mashine yako. Angalia flashi imepewa herufi gani. Tuseme ni E. Bonyeza kitufe cha Windows, andika cmd, bonyeza Enter. Kwenye dirisha jeusi andika hivi, nafasi kwa nafasi:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Bonyeza Enter, usubiri mstari urudi. Fungua flashi tena, utaona kazi yako imejitokeza, wakati mwingine ndani ya folda isiyo na jina. Nakili hati zako tu, yaani Word, PDF na picha. Faili lolote linaloishia na .vbs au .exe usiliguse. Hati zikishakuwa salama, ifomati flashi. Ndiyo, hapa nakubali: flashi, si kompyuta.

Lakini mashine ya pale dukani bado inaumwa, na ukirudi itakuambukiza tena. Kuwa na flashi ndogo ya kutolea kopi tu, yenye ile PDF unayotaka kuchapa na hakuna kingine. Kutembea na nakala pekee ya TFC mfukoni ni jambo ambalo silielewi, na bado kila mwaka wanafunzi wanalifanya.

Laptop niliyoletewa kutoka Kampala inakataa neno la siri ninalolijua vizuri kabisa. (Mwalimu, Ndosho)

Mwalimu, vitufe vyako ni vya Kiingereza, lakini Windows imewekwa Kifaransa. A na Q zimebadilishana, W na Z vilevile, M imehamia pembeni ya L, na tarakimu za juu zinataka Shift. Ukiandika Amani2024, mashine inasoma Q,qniéàé' na lazima ikatae. Bonyeza ile alama ya jicho kwenye kisanduku uone mwenyewe. Kisha shika kitufe cha Windows, gusa kile kirefu cha nafasi, uchague kibodi nyingine. Hakuna cha kulipia hapo.

Flashi ya terabaiti 1 kwa dola 10, ninunue? (Papa wa Majengo)

Papa, hapana. Nyingi za bei hiyo zina gigabaiti chache ndani, na chipu yake imefundishwa kudanganya kompyuta. Utajaza video za harusi, utaona majina yote yamepangwa vizuri, na nusu hazitafunguka. Kama umeshanunua, ipime na H2testw, programu ya bure kutoka jarida la Kijerumani c't. Inaijaza flashi mpaka mwisho kisha inasoma ilichoandika. Fanya hivyo flashi ikiwa tupu.

Nikiunganisha laptop kwa simu, mega zinaisha kabla sijatuma hata barua pepe moja. Kuna mwizi? (Mama mwenye duka, Virunga)

Mama, mwizi ni Windows yenyewe. Ikiona Wi-Fi inadhani ni ya bure, inaanza kuvuta masasisho na kupandisha picha OneDrive, hifadhi ya mtandaoni ya Microsoft. Unganisha simu, ingia Paramètres (mipangilio), kwenye mtandao, bofya jina la Wi-Fi hiyo, uwashe Connexion limitée (muunganisho wenye kikomo). Fanya mara moja tu, itaikumbuka simu yako. Ila masasisho yana kazi yake ya kufunga milango ya virusi, kwa hiyo siku ukipata Wi-Fi ya ofisi au ya chuo, iache mashine ijisasishe mpaka imalize. Na WhatsApp ya kwenye simu nayo zima upakuaji wa video wa kujiendesha. Hiyo inakula mega hata laptop ikiwa imezimwa.